Nani Atamgeuza Mama Saa Nane za Usiku?

KAKA: Mimi nina watoto watano, na wote wamesoma. Bima yangu ndiyo hiyo. Sioni sababu ya kukaa hapa mchana kutwa tukipiga hesabu za ugonjwa ambao Mungu hajauleta.

KITINDAMIMBA: Umeshaletwa, kaka. Uko chumba cha pili. Umepita mlangoni pake ukija kukaa hapa.

Kikao ni cha ndugu watatu, nyumbani kwa mama yao, Ngamiani, Tanga. Watu na sauti zao nimewatunga mimi, lakini hoja wanazozitoa hazihitaji kutungwa. Nenda nyumba yoyote yenye mgonjwa wa muda mrefu utazikuta zinakungoja sebuleni. Mama yao ametimiza miaka themanini. Alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza, akili ikabaki timamu na ulimi ukawa mzito. Kaka anauza mbao Korogwe. Dada ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kitindamimba alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha karibu na bandari, akaacha kazi ili amuuguze mama. Wa nne ni jirani, muuguzi mstaafu, ambaye mtaa mzima humwita Sista. Dada ndiye aliyewaita, na ajenda yake si mama tu. Anataka wazungumze itakavyokuwa zamu yao wenyewe itakapofika.

DADA: Nisikilizeni. Nilistaafu 2022, mwaka ule ule kanuni mpya ya mafao ilipoanza. Sisi walimu tulizoea nusu kwa mkupuo, tukaambiwa asilimia 33, nyingine utalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Mnakumbuka kelele za kikokotoo. Nami nilipiga kelele, kwa sababu nilikuwa na nyumba ya kumalizia. Lakini tangu mama alale kitandani nimegundua jambo: kelele zetu zote zilihusu mwezi wa kwanza wa kustaafu. Hakuna aliyeuliza habari ya miaka ya mwisho. Pensheni inapigiwa hesabu ya mtu anayekula ugali na kulipa umeme. Haikupigiwa hesabu ya mtu asiyeweza kujigeuza.

KAKA: Kwa hiyo sasa unakubali kwamba Serikali ilikuwa na haki kukunyima pesa yako?

DADA: Sikusema hivyo. Nasema hata wangenipa nusu, ingeishia kwenye bati na marumaru. Ningekuwa na nyumba nzuri ya kuugulia, basi.

KAKA: Na bima ya afya? Si wewe unayo kadi? Na kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kila mtu ataingia humo.

MUUGUZI: Baba, bima hulipia matibabu. Daktari, dawa, vipimo, kulazwa. Mama yenu alipolazwa alitibiwa, na presha ilipotulia akaruhusiwa. Ruhusa ile maana yake hospitali imemaliza kazi yake. Kazi ya nyumbani ndiyo kwanza inaanza. Mgonjwa asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mara kumi na mbili kwa siku. Ukiacha, damu haipiti vizuri kwenye nyonga na kisigino, ngozi inaoza, na kidonda cha kulalia kikishafika kwenye mfupa utarudi hospitali na gharama mara nyingi ya ile ya kwanza. Pampasi tatu kwa siku ni tisini kwa mwezi; zidisheni wenyewe na bei ya duka la dawa la hapo kona. Kuna sabuni, mafuta, glavu, shuka za kubadili. Kuna uji wa kumlisha polepole akiwa ameketi, maana akilishwa amelala chakula huingia kwenye mapafu. Kuna kumkunjua mkono na mguu kila siku visikakamae. Hakuna risiti ya kazi hiyo, kwa hiyo watu hudhani haina bei.

Hapo Sista ameeleza pengo ambalo sera zetu hazijalifikia. Nchi yetu ina mambo ya kujivunia kuhusu wazee. Katiba, ibara ya 11, inataja haki ya kupata msaada wakati wa uzee na maradhi. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilizungumzia matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, na hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Yote hayo humhusu mzee anayeweza kufika dirishani. Sensa ya 2022 ilikuta watu wenye miaka 60 na zaidi ni kiasi cha asilimia 5.7 ya Watanzania, karibu milioni 3.5, na wengi wao hawakuwahi kuajiriwa kwa mshahara, kwa hiyo hawana mfuko wa pensheni unaowajua. Aliyelala kitandani, awe na pensheni au asiwe nayo, ameachiwa ndugu.

KAKA: Ndugu ndio watu wa kwanza kupaswa. Mama alituosha sisi. Hakutuandikia hesabu. Leo tumwandikie yeye? Hii ni aibu. Mtu akikusikia unasema mama ana gharama atasema umekosa radhi.

KITINDAMIMBA: Tuseme hivyo, hana gharama. Basi mimi niko hapa kwa ajili gani, na mshahara wangu uko wapi?

KAKA: Mimi natuma hela kila mwezi.

KITINDAMIMBA: Unatuma, na nakushukuru, mama anakula kwa hela hiyo. Lakini nilipoacha kazi nilikuwa na michango ya NSSF ya miaka kumi na kitu. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180, miaka kumi na mitano kamili. Nimebakiza kidogo na siendelei. Nikifika sitini, nitapewa changu kwa mkupuo na mlango utafungwa. Sina mume, sina mtoto. Ukisema watoto watano ndio bima, kaka, mimi unaniambia nini?

KAKA: Wewe una sisi. Una wanangu.

KITINDAMIMBA: Wanao wako Dar es Salaam na Mwanza. Mama ana wajukuu kumi na mmoja. Ni nani kati yao anajua mama analala upande gani?

Nitasema wazi ninakosimama. Kaka si mtu mbaya, na hoja yake ya radhi si porojo. Ndiyo iliyoshikilia wazee wetu katika miaka ambayo hapakuwa na kitu kingine. Lakini kuuguza kunakoitwa kwa bure hakujawahi kuwa bure. Kunalipwa na mtu mmoja, mara nyingi binti, mara nyingi asiyeolewa au aliyeachika, na malipo yenyewe ni uzee wake. Familia inamsitiri mama leo kwa kumkopa kitindamimba kesho, bila kumwambia kwamba ni mkopo. Baada ya miaka ishirini tutakuwa na mwanamke mwingine kitandani, asiye na pensheni kwa sababu alimhudumia mwenye haki ya kuhudumiwa. Anayetaka kupanga gharama za uzee aanze na mtu huyo, kabla ya kufungua akaunti yoyote.

KAKA: Haya. Tuajiri dada wa kazi. Wako wengi, Lushoto kule, hata Handeni.

MUUGUZI: Kwa mshahara gani?

KAKA: Wa kawaida.

MUUGUZI: Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Hicho kilikuwa cha kupika, kufua, kufagia. Wewe unataka binti wa miaka kumi na minane amwinue mtu mzima peke yake usiku, amsafishe, amlishe, atambue kidonda kinapoanza. Hajafundishwa. Ataumia mgongo, au atamfunga mama pampasi moja toka asubuhi mpaka jioni kwa sababu amechoka. Nimeziona nyumba hizo. Sitaki kumlaumu msichana, hakuna aliyemwonyesha. Mkitaka kuajiri, ajirini wawili kwa zamu, wafundisheni, walipeni kama watu wanaofanya kazi ngumu. Hesabu hiyo ndiyo bei halisi ya kazi anayoifanya mdogo wenu. Sasa iwekeni mezani.

KAKA: Ukifika hapo utasema tumpeleke Mwanzange.

DADA: Mwanzange si tusi, kaka. Ni makazi ya Serikali, hapa hapa Tanga, kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro na Njoro Kilimanjaro. Yamewekwa kwa wazee wasio na mtu. Mama ana watu. Swali ni hao watu wamejipangaje.

Hofu ya Kaka juu ya makazi ya wazee ni ya kweli, na imeenea kiasi kwamba huziba mazungumzo yote. Mtu akitamka tu neno gharama, mwenzake husikia makazi. Kumbe kati ya kumwachia mtu mmoja kila kitu na kumpeleka mzazi kwa wageni pana njia nyingi, na nyumba zilizo nyingi hazijajaribu hata moja. Angalia tulivyo kwenye harusi: kamati, mwenyekiti, mweka hazina, kadi za ahadi, vikao vya kila Jumapili kwa ajili ya usiku mmoja. Msibani daftari la rambirambi linafunguliwa kabla maiti haijatoka nyumbani. Katikati ya harusi na msiba, kwenye miaka mitano au minane ya kitanda, hakuna kamati wala daftari.

DADA: Mimi nina pendekezo, na sitaki mnikatize. Kwanza, tumchangie mdogo wetu michango yake ya NSSF mpaka itimie 180. Kuna utaratibu wa uanachama wa hiari, mtu hahitaji mwajiri. Kaka nusu, mimi nusu. Pili, vyumba viwili vya uani vipangishwe, na kodi iwe ya mama: pampasi zake, godoro la hewa, na mtu wa zamu ya usiku. Tatu, tuandike.

KAKA: Tuandike nini?

DADA: Kwamba anayemuuguza mama anafanya kazi yenye ujira, na ujira ambao haujalipwa ni deni.

KAKA: Deni la nani?

DADA: La mama. La nyumba hii.

Kimya kilipita. Hapa ndipo kikao kilipogusa kitu ambacho hakuna aliyetaka kukitaja. Nyumba ni ya mama, ina vyumba sita, na baba yao alikwishatangulia. Mama akifariki, kwa mirathi ya Kiislamu mtoto wa kiume hupata sehemu mara mbili ya binti. Kaka atapata nusu, yaani vyumba vitatu. Dada robo, Kitindamimba robo: chumba kimoja na nusu. Miaka yote ya kugeuza, kuosha na kukesha haibadilishi mgao huo hata kwa upana wa mlango.

KAKA: Sasa mnataka kuchezea mirathi. Hiyo ni hukumu ya Mungu, hatuna mamlaka nayo.

DADA: Hakuna anayeigusa. Wewe ulisoma chuoni kuliko mimi, nikumbushe utaratibu. Mtu akifa kinaanza nini?

KAKA: Mazishi.

DADA: Halafu?

KAKA: Madeni. Kisha wasia, usiozidi theluthi, na wasia hauendi kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Ndipo warithi.

DADA: Madeni yametangulia warithi. Umesema mwenyewe.

KAKA: Deni ni la mtu aliyekopesha kweli. Huwezi kuamka siku ya arobaini ukasema ulikuwa unadai.

DADA: Ndiyo maana tuandike leo, mama akiwa anasikia na kutikisa kichwa, mbele ya mashahidi, na mbele ya shehe wa msikiti tumuulize kama inafaa na kwa sura gani. Akisema ujira haufai, kuna hiba: mama ampe chumba akiwa na akili zake. Hilo nalo tumuulize, kwa sababu hiba ya mtu aliye katika maradhi ya mauti huchukuliwa kama wasia. Tulipaswa kuyafanya haya mama akiwa anatembea kwenda sokoni. Tumechelewa. Mimi na wewe hatujachelewa.

Naona Dada amepata jambo ambalo wapangaji wengi wa fedha hawaligusi. Watu hushauriwa kununua vipande vya UTT, kujiunga na kikoba, kuwekeza katika viwanja. Ni ushauri mzuri kwa mwenye ziada. Lakini kwa familia nyingi mali pekee ya maana ni nyumba ya mzazi au shamba, na mzigo pekee wa maana ni mikono ya mtu mmoja. Mpango wowote usiounganisha viwili hivyo utaacha ugomvi kaburini. Nimesikia ndugu walioshtakiana Mahakama ya Mwanzo kwa sababu hiyo hiyo: aliyeuguza hataki kutoka chumbani, waliokuwa mbali wanataka nyumba iuzwe.

MUUGUZI: Na nchi je? Msiiache salama. Zanzibar kila mwenye miaka 70 hupewa pensheni jamii tangu Aprili 2016, awe aliajiriwa au alivua pweza. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kuongezwa. Si nyingi, lakini haiulizi kama una mtoto. Bara mpaka leo hatujafika hapo.

KAKA: Elfu ishirini, hamsini, itageuza nani?

MUUGUZI: Haitageuza mtu, itanunua sabuni na uji. Kugeuza kunataka mikono iliyofundishwa. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, watu wa kutoka mtaa huu huu. Wakifundishwa kupima mimba na malaria, wafundishwe pia kumwona aliyelala kitandani: waje mara mbili kwa wiki, watazame ngozi, wamwonyeshe mwanafamilia namna ya kuinua bila kuvunja mgongo. Hilo halihitaji jengo jipya.

DADA: Ujerumani walianzisha bima ya kuuguzwa mwaka 1995, kila mwenye mshahara anachangia, na asiye na mtoto huchangia zaidi kidogo.

KAKA: Mambo ya Wazungu hayo.

DADA: Wajapani ni Wazungu? Wao wanaheshimu wazazi kama sisi, binti na mkwe ndio waliokuwa wakiuguza. Waliona mabinti wanakwisha. Tangu 2000 kila mwenye miaka 40 na kuendelea anachangia, na mzee akipimwa akaonekana anahitaji msaada, hupangiwa kiwango chake na mtu huja nyumbani. Heshima haikupungua. Iligawanywa.

Sidhani Tanzania inaweza kuiga Japani kesho asubuhi. Mfuko kama ule unasimama juu ya mishahara inayojulikana na kukatwa, na watu wetu wengi wanaishi kwa biashara ndogo na jembe. Ila jambo moja linaweza kuigwa bila fedha nyingi: kumpima mzee nyumbani na kuandika anahitaji nini, na nani anampa. Hatuwezi kusaidia kazi ambayo hakuna daftari lolote la nchi linaloonyesha kwamba inafanyika. Na Kaka anaposema watoto watano ni bima, nami namwambia kwa heshima zote: bima ina masharti yaliyoandikwa, kila upande umetia sahihi. Wanawe hawajaulizwa. Awaulize. Amuulize kila mmoja, mbele ya mwenzake, ataleta nini: siku, fedha au chumba.

KAKA: Tuseme nakubali. Nasema tuseme. Mimi nisiyekuwa mtumishi wa umma, nina mbao tu, nifanye nini?

DADA: NSSF wanaandikisha waliojiajiri. Na mbao unazo, lakini zimeandikwa kwa jina lako pekee, hata mkeo hajui unadai nani. Ukipooza mkono wa kulia, nani atatia sahihi benki? Tafuta wakili au Mahakama, mpe mtu mamlaka kwa maandishi ukiwa mzima. Ujenge choo chenye mlango unaopita kiti cha magurudumu. Ukijenga ngazi mbele ya nyumba, jua utakuja kubebwa juu ya hizo ngazi.

MUUGUZI: Na utibu presha. Hilo ni rahisi kuliko yote na ndilo mnaloliacha. Mama yenu alikuwa akimeza vidonge siku anazoumwa kichwa tu.

KAKA: Mimi presha yangu...

MUUGUZI: Lini ulipima?

Hakujibu. Dada alichukua daftari la mazoezi, akaandika tarehe juu, majina ya waliohudhuria, akapiga mstari.

DADA: Michango ya NSSF, kaka nusu, mimi nusu. Vyumba vya uani vipangishwe. Shehe aulizwe kabla ya Ijumaa ijayo. Sasa ujira. Tuanze kuhesabu lini?

KAKA: Leo. Tumekubaliana leo, tuhesabu leo. Yaliyopita alikuwa akimtafuta Mungu.

DADA: Tangu siku mama alipoanguka.

KITINDAMIMBA: Mama alipoanguka nilikuwa bado naenda kazini, mkeo kaka alikuja akakaa naye wiki tatu. Yeye mumlipe zake. Mimi hesabuni tangu nilipoacha kazi. Barua ninayo, ina mhuri na tarehe.